Hesabu za Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori na Wajibu wa Wanaushirika

Wakulima wengi wa korosho wa Tunduru na Liwale, wa tumbaku wa Namtumbo na Sikonge, na wa pamba wa Meatu, wana uanachama wa namna mbili. Kwa upande mmoja ni wanachama wa chama cha msingi cha ushirika, ambamo huuza mazao yao na kupata pembejeo. Kwa upande wa pili ni wakazi wa vijiji vilivyotenga sehemu ya ardhi yao iwe hifadhi ya wanyamapori. Wanaokaa katika mkutano mkuu wa chama ndio wale wale wanaokaa katika mkutano mkuu wa kijiji, na si nadra mjumbe wa bodi ya chama kuwa pia mjumbe wa Jumuiya ya Hifadhi. Hata hivyo, mtu yule yule anayedai kwa sauti kuonyeshwa stakabadhi ya kila mfuko wa mbolea, aghalabu hunyamaza fedha za wanyamapori zinapotajwa, kana kwamba hesabu za tembo ni elimu ya wataalamu peke yao. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba hesabu hizo hazina uchawi wowote, na kwamba mwanaushirika aliyezoea kusoma mizania ya chama chake anayo tayari elimu ya kuzihoji.

Mlango wa mpango huu ulifunguliwa na Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998. Kanuni za kwanza za kuanzisha maeneo ya hifadhi ya jamii zilitolewa mwaka 2002. Baadaye ikaja Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974, na kanuni nyingine za mwaka 2012. Kwa ufupi, vijiji jirani hutenga ardhi, hufanya mpango wa matumizi bora ya ardhi hiyo, huunda Jumuiya moja yenye katiba, na Jumuiya hiyo ikishaidhinishwa hupewa haki ya kutumia wanyamapori waliomo na kufaidika nao. Ndivyo zilivyozaliwa Mbarang'andu katika Namtumbo, Nalika katika Tunduru, Ipole katika Sikonge, Makao katika Meatu, Burunge katika Babati na nyingine nyingi.

Mwanaushirika ataona upesi kwamba umbo hili analifahamu. Jumuiya kwa vijiji vyake ni kama Chama Kikuu kwa vyama vyake vya msingi: mwanachama si mtu mmoja mmoja bali ni kijiji, na kijiji hutuma wajumbe wake. Lakini zipo tofauti mbili ambazo hazifai kusahauliwa. Ya kwanza ni kwamba pamba ni mali ya aliyeilima mpaka aiuze, ilhali mnyama wa porini ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kijiji hakina tembo. Kina ardhi ambayo tembo hupita, na kina haki ya mgao wa fedha zinazotokana na tembo huyo. Ya pili ni kwamba Jumuiya haiandikishwi chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika. Kwa hiyo Mrajis hana mamlaka juu yake, na mkaguzi wa ushirika hawezi kuingia ofisini kwake na kudai vitabu. Jicho la kwanza na la karibu kabisa ni la wanavijiji wenyewe. Jicho hilo likifumba, mengine yote yako mbali.

Fedha za Jumuiya huingia kwa njia chache: ada na kodi za mwekezaji aliyejenga kambi ya watalii, malipo ya watalii wanaolala au kupita, mgao wa ada za kitalu cha uwindaji na za wanyama waliowindwa, na misaada ya wafadhili. Fedha za uwindaji hulipwa kwanza Serikalini, kisha sehemu ya Jumuiya hurejeshwa. Baina ya risasi ya mwindaji na salio la benki la Jumuiya inaweza kupita miezi kadhaa. Jambo hili linaonekana dogo, lakini ndilo linaloangusha bajeti nyingi. Mweka hazina huona barua ya kitalu, akafanya hesabu ya kinachotarajiwa, akaandika makisio ya matumizi kana kwamba fedha ziko mkononi. Fedha inayodaiwa iandikwe katika safu ya madai. Isiingizwe katika kitabu cha fedha taslimu mpaka taarifa ya benki iithibitishe.

Sasa lije suala linaloleta manung'uniko kuliko yote, yaani mgawanyo. Kanuni za mwaka 2012 ziliagiza kwamba katika mapato ghafi ya mwaka, isiyopungua asilimia 50 iende kwa vijiji wanachama, isiyopungua asilimia 25 iimarishe Jumuiya yenyewe, na isiyopungua asilimia 15 irudishwe katika kuendeleza rasilimali. Neno zito hapo ni "ghafi". Mkulima wa pamba hahitaji kufundishwa uzito wake, kwa kuwa anajua tofauti iliyopo baina ya bei inayotangazwa na fedha inayomfikia baada ya makato. Kama makato ya chama yamewahi kumtoa machozi, basi aangalie vivyo hivyo makato ya Jumuiya.

Ichukuliwe kwa mfano Jumuiya yenye vijiji 10, iliyopokea sh. 120,000,000 katika mwaka mmoja. Kwa kufuata agizo la mapato ghafi, vijiji hupata sh. 60,000,000, yaani sh. 6,000,000 kwa kila kijiji endapo mgawo ni sawa kwa sawa. Jumuiya hubakiwa na sh. 30,000,000 za kujiimarisha na sh. 18,000,000 za rasilimali. Jumla hiyo ni asilimia 90. Asilimia 10 iliyobaki, ambayo ni sh. 12,000,000, hupangiwa kazi na wajumbe. Lakini ofisi nyingine hufanya kinyume. Hutumia kwanza: mishahara, vikao, safari za mjini, matengenezo ya gari, posho za kukaa. Ikiwa matumizi hayo yamefika sh. 70,000,000, kinachobaki ni sh. 50,000,000, na hapo ndipo hukatwa nusu na kuitwa "asilimia 50 ya vijiji". Kila kijiji kinapata sh. 2,500,000, na taarifa inasomwa mkutanoni kwa maneno matamu kwamba agizo limetekelezwa. Asilimia imetajwa sawasawa. Kilichobadilishwa ni kitu kilichokatwa asilimia hiyo. Kijiji kimepoteza sh. 3,500,000 bila mtu yeyote kuvunja sanduku.

Madhara yake hayaishii katika fedha. Kijiji kilichotenga malisho na mashamba yake kwa ajili ya wanyama, kikaona mwisho wa mwaka kwamba faida yake haitoshi kuezeka darasa moja, hakiwezi kuwachukia majangili kwa dhati. Kijana aliyemwona mgeni akiingiza bunduki porini usiku atatafakari mara mbili kabla ya kupeleka habari, maana haoni ni mali ya nani inayoibwa. Hesabu za sensa zinaonyesha jinsi ulinzi unavyoweza kuporomoka kwa haraka: tembo wa Tanzania walikadiriwa kuwa takriban 109,000 mwaka 2009, na kufikia mwaka 2014 walikuwa takriban 43,000. Katika eneo la Selous na Mikumi peke yake walishuka kutoka karibu 39,000 mwaka 2009 hadi takriban 13,000 mwaka 2013. Si haki kuyatwisha vitabu vya Jumuiya maafa hayo, kwa sababu biashara ya meno ya tembo ilikuwa na mikono mirefu iliyovuka bahari. Lakini mikono hiyo ilihitaji mwenyeji wa kuonyesha njia.

Yapo makosa ya upande wa pili pia, na haya husemwa kwa nadra kwa kuwa hayapendezi mkutanoni. Ni pale wajumbe wanapotaka kila kilichoingia kigawiwe, wakiona fedha za doria ni ulaji wa ofisi. Basi na tuurudie mfano ule wa sh. 120,000,000 tukiuangalia kwa upande wa kazi. Vijiji vimekwisha kupata sh. 60,000,000 zao. Zimebaki sh. 60,000,000 nyingine kwa kazi zote. Tuseme Jumuiya ina askari wanyamapori wa vijiji 16, na kila mmoja analipwa posho ya sh. 120,000 kwa mwezi: kwa mwaka ni sh. 23,040,000. Gari moja linakunywa lita 400 kwa mwezi, na lita ikiwa sh. 3,000, kwa mwaka ni sh. 14,400,000. Chakula cha doria kikiwa sh. 500,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni sh. 6,000,000. Jumla ya doria ni sh. 43,440,000. Wajumbe wakiamua, kama ipasavyo, kuziweka akiba zile sh. 12,000,000 za asilimia 10, basi kinachobaki kwa mhasibu, vikao, matairi, matengenezo na ukaguzi wa hesabu ni sh. 4,560,000 tu. Hakuna ofisi inayoweza kuishi mwaka mzima kwa kiasi hicho, na hapo ndipo huanza mchezo wa kukopa katika fungu la vijiji.

Dawa yake haimo katika vijiji wala katika askari. Imo katika gari. Gari la Jumuiya, ambalo aghalabu lilitolewa na mfadhili kwa sherehe na picha, ndilo mlaji mkubwa asiyehojiwa. Likipelekwa mjini kuchukua barua, limedoria. Likimpeleka mwenyekiti msibani, limedoria. Daftari la safari likiandikwa kwa ukweli, yaani tarehe, mahali, kilometa za kuondoka na za kurudi, lita zilizotiwa, jina la aliyeidhinisha na sahihi ya dereva, mara nyingi huonekana kwamba nusu ya mafuta haikuwahi kuingia porini. Doria nyingi za kusini hufanywa vizuri zaidi kwa miguu kutoka kambi ndogo, gari likiwapeleka askari na kuwarudisha tu. Mafuta yakipunguzwa nusu, zinaokolewa sh. 7,200,000, na fungu la ofisi linapanda kuwa sh. 11,760,000. Si nyingi, lakini zinawezekana.

Akiba ile ya sh. 12,000,000 isidhaniwe kuwa ni anasa. Msimu wa uwindaji wa kitalii huanza mwezi Julai, na watalii wa picha pia huwa wengi katika miezi ya kiangazi. Ikifika masika, njia hujaa maji, kambi hufungwa na mapato hukatika. Miezi hiyo hiyo ndiyo mahindi na mpunga viko shambani, tembo wanatoka porini na wananchi wanawahitaji askari kila usiku. Kazi huwa nyingi kabisa wakati ambapo fedha ni chache kabisa. Baada ya kupunguza mafuta, doria ya mfano wetu inagharimu sh. 3,020,000 kwa mwezi. Kwa hiyo akiba hiyo inatosha karibu miezi minne, Machi mpaka Juni. Mwaka 2020 ulitoa fundisho kali zaidi. Kwa sababu ya maradhi ya korona, watalii waliofika nchini walishuka kutoka zaidi ya 1,500,000 mwaka 2019 hadi takriban 620,000. Jumuiya inayoishi kwa mapato ya mwezi huo huo haiwezi kustahimili pigo la namna hiyo. Askari asiyelipwa kwa miezi mitano hurudi shambani kwake, na ni nani atakayemlaumu?

Juu ya masurufu, mwanaushirika hahitaji maelezo marefu. Kiongozi wa doria anayepewa sh. 400,000 kwa chakula na dharura za siku 10 anazichukua kwa hati, anarudi na stakabadhi na salio, na hapewi masurufu mengine kabla ya kurejesha yale ya kwanza. Porini hakuna duka lenye kitabu cha stakabadhi; kwa hiyo chakula kinunuliwe kabla ya safari, kiingizwe katika leja ya ghala na kutolewa kwa hesabu ya mtu na siku. Risasi ziwe na daftari lake peke yake, lenye idadi iliyotoka, iliyotumika na iliyorudi, na maelezo ya kila moja iliyofyatuliwa. Wahenga waliposema mali bila daftari hupotea bila habari, huenda hawakufikiria risasi, lakini risasi iliyopotea bila habari inaweza kusikika tena mahali pabaya.

Fedha za wafadhili zinahitaji uangalifu wa namna yake. Iringa lipo jina linalokumbusha jambo hili: MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Lilianza kuwa jina la mradi uliosaidiwa na Serikali ya Uingereza kuanzia mwaka 1997. Mradi ulipokwisha, vijiji 21 vya Idodi na Pawaga vikaendelea kulitumia kwa Jumuiya yao. Mradi una tarehe ya mwisho, Jumuiya haina. Kwa hiyo fedha za mfadhili ziwe na akaunti yake au angalau safu yake katika kitabu, zitumike kwa kazi iliyoandikwa katika mkataba, na zisihesabiwe kamwe katika mapato ghafi yanayogawiwa vijiji. Vile vile kila kitu cha kudumu kinachoachwa na mradi kiandikwe katika daftari la mali pamoja na uchakavu wake. Gari lililonunuliwa na mfadhili lina thamani leo. Baada ya miaka minane litakuwa chuma. Kama Jumuiya haikuwa ikitenga kitu kila mwaka kwa ajili ya uchakavu, siku gari litakapokufa wajumbe watashangaa kana kwamba halikuwahi kuugua.

Mkanganyiko mwingine ni wa kifuta jasho na kifuta machozi. Mwananchi ambaye shamba lake limeliwa usiku huja asubuhi katika ofisi ya Jumuiya na kudai alipwe, naye ana uchungu wa haki. Lakini malipo hayo ni ya Serikali. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha sh. 1,000,000 kwa jamaa wa mtu aliyeuawa na mnyama mkali, na kifuta jasho cha mazao kilichohesabiwa kwa ekari, bila kuvuka ekari 5. Majina yenyewe yanasema kwamba hayo si fidia. Kazi ya Jumuiya ni kumsaidia mwananchi kupeleka taarifa mapema kwa ofisa wa kijiji na wa wilaya ili uharibifu upimwe kabla alama hazijafutika. Mweka hazina anayemtuliza mwenye shamba kwa kumpa kitu kidogo kutoka sandukuni anafanya huruma, lakini amefungua mlango ambao hataweza kuufunga, na tena ametoa fedha isiyo na kifungu. Ni afadhali makisio yawe na kifungu halali cha kinga: kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu kuzunguka mashamba, mizinga ya nyuki, tochi kali na honi. Kinga hiyo haizuii kila tembo, lakini inapunguza usiku mbaya, na gharama yake ya mwaka kwa kijiji kizima inaweza kuwa ndogo kuliko ya vikao viwili vya ofisi.

Yabaki maswali ya mkutanoni. Taarifa ya Jumuiya ikisomwa, mwanaushirika asitosheke na jumla. Aulize mapato ghafi yalikuwa kiasi gani kabla ya kukatwa chochote, na taarifa ya benki inayothibitisha iko wapi. Aulize fungu la kijiji liliingia lini katika akaunti ya kijiji, maana yapo mafungu yanayotoka Jumuiya yakiwa mazima na kuchelewa katika mikono ya halmashauri ya kijiji chenyewe. Hapo lawama haiko kwa Jumuiya tena. Aulize siku za doria zilikuwa ngapi kwa kila mwezi, azilinganishe na mafuta. Mwezi wenye siku nne za doria na lita 400 za mafuta unajieleza wenyewe.

Vyama vya msingi vinaweza kusaidia kwa jambo moja lisilohitaji sheria mpya. Vyama vingi vina karani anayejua kulinganisha kitabu cha fedha na taarifa ya benki, kazi ambayo ofisi nyingi za Jumuiya huiacha mpaka mkaguzi wa nje aje mwishoni mwa mwaka. Pale Jumuiya inapoomba kwa barua, chama kinaweza kumtoa karani huyo kwa siku mbili kila robo mwaka, kukaa na mweka hazina, kulinganisha vitabu na kuandaa ukurasa mmoja wa mapato na matumizi, ulioandikwa kwa Kiswahili chepesi. Ukurasa huo ubandikwe katika ubao wa matangazo wa kila kijiji mwanachama, na nakala ibaki kwa mtendaji wa kijiji. Gharama ya karani ni nauli na chakula cha mchana. Jumuiya ndiyo ilipe, na malipo hayo nayo yaandikiwe hati.